Mwanamke Niliyesema Anapanda Magugu

Mwaka huu magugu maji yamerudi. Sijashuka ziwani kuyaona. Harufu ndiyo iliyoniambia. Siku hizi nakaa Kiseke, hapa hapa Mwanza, mbali kidogo na maji, lakini asubuhi moja baada ya mvua nilikuwa nafagia mbele ya nyumba, upepo ukageuka, nikasimama na fagio mkononi. Wenzangu mliokulia Kirumba enzi za ruksa, miaka ya themanini na tisini, mnaijua harufu hiyo: majani mabichi yanayooza kwenye maji yaliyosimama, tope, na ndani yake kitu kama samaki aliyesahauliwa kwenye sufuria. Mke wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Kisha nikaingia ndani kutafuta daftari, kwa sababu kuna jambo ambalo hata yeye sijawahi kumweleza.

Sisi tuliokuwa watoto wakati ule ndio tunaoamkiwa shikamoo sasa. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, nikafanya kazi za hapa na pale, nikaota mvi mapema. Mambo mengi niliyoharibu nimeyatengeneza au nimeyaombea msamaha. Hili sijapata wa kumwomba.

Nyumba yetu ilikuwa ya tatu kutoka majini, hatua chache tu kutoka Mwaloni, soko la samaki. Baba alikuwa amefanya kazi kiwanda cha nguo tangu kabla sijazaliwa, hadi siku walipobandikiwa ukutani majina ya waliopunguzwa. Kwa kiinua mgongo chake alinunua mitumbwi miwili na nyavu. Hakuwa mvuvi, aliajiri vijana. Lakini kila asubuhi alivaa shati lake la kazini lililopigwa pasi, akaenda kusimama ufukweni akiwatazama wakipakua samaki, kama mtu ambaye bado ana zamu. Mama alikaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kwenda Ulaya, akaiuza mbele ya nyumba kwenye meza iliyofunikwa gazeti.

Mama ndiye aliyemleta yule mkimbizi, Mama Spesiosa. Alimkuta Mwaloni akiokota dagaa waliomwagika mchangani, mmoja mmoja, akimpuliza kila mmoja kabla ya kumtia kwenye kopo, na binti yake Spesiosa nyuma ameshika upindo wa kitenge chake. Mama alituambia kwamba kule kupuliza ndiko kulikomgusa. Mtu anayepuliza mchanga kwenye dagaa mmoja, alisema, ni mtu aliyezoea kuwa na nyumba yake. Akampa chumba cha uani, kile tulichokuwa tukiwekea kuni.

Wakimbizi walikuwa wengi wakati ule upande wa magharibi wa ziwa. Wengi walikaa kambini kama walivyoagizwa, na wachache wakafika mjini kwa njia zao. Napenda niseme ukweli kuhusu mtaa wetu: hatukuanza vibaya. Kanisani zilikusanywa nguo, msikitini zilikusanywa nguo, na baba mwenyewe alitoa koti lake la mvua. Mzee Lutonja, balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye alikuwa fundi baiskeli, alikuja na daftari lake kumwandika mgeni wetu. Akamwambia, "Karibu, mama. Hapa hakuna mwenye mji. Mimi nimetoka Maswa, huyu baba mwenye nyumba Ukerewe, na yule jirani babu yake aliletwa na reli kutoka Tabora. Kaa."

Nilimsikia kwa masikio yangu. Ndiyo maana hadi leo sipendi mtu akiniambia kwamba watu fulani wana roho mbaya na wengine wana roho nzuri. Ni watu wale wale.

Kilichobadilika ni ziwa. Magugu yalianza kama mapambo. Kishada kimoja hapa, kingine pale, maua ya zambarau yenye jicho la njano; dada yangu aliyaweka kwenye glasi juu ya redio. Baada ya masika moja yakawa mkeka, na mkeka ukawa shamba. Ukiamka asubuhi unaona kijani hadi kwenye mawe ya mbali, kijani kinachopanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala. Mitumbwi ya baba ilikwama ndani yake. Nyavu zikachanika. Nyoka wakaja, mbu wakaja, na bomba la mtaani likaanza kutoa maji siku moja na kukaa kavu siku mbili. Viwandani nako mapanki yakapungua, maana samaki wenyewe walikuwa hawafiki.

Watu walitaka kujua jambo hili limetoka wapi, na jibu lilikuwepo. Lilisemwa redioni, likasemwa kwa kinyozi: magugu yameteremka na Mto Kagera, kutoka huko juu. Ilikuwa kweli. Na wakimbizi nao walitoka huko huko. Hiyo nayo ilikuwa kweli. Kweli hizo mbili zilipowekwa kwenye kikapu kimoja, hakuna mtu mtaani kwetu aliyezitenganisha tena. Huwezi kumgombeza mto. Huwezi kwenda kusimama mbele ya karatasi iliyobandikwa ukutani ukailaumu kwa kukupunguza kazini. Mama Spesiosa alikuwepo, anaonekana, anachota maji kwenye bomba letu.

Mimi nilikuwa darasa la tano. Akili yangu ilikwenda moja kwa moja: vitu vinavyotoka mahali pamoja vimekuja katika mzigo mmoja. Na yeye alikuwa na mzigo, umefungwa kwa kitambaa cheupe, ambao hakuufungua hata siku moja mbele yetu. Niliamini ndani yake kuna mbegu.

Jumatatu moja jioni nikitoka shule nilimwona akishuka ziwani peke yake. Nikamfuata, nikajificha nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa. Aliingia majini hadi magotini. Akainama, akashika shina, mkono mwingine ukazama, akanyanyuka, akainama tena, akasukuma kitu chini ya maji, akasogea hatua moja. Akafanya hivyo kwa mstari, taratibu, mgongo umepinda.

Kila mtoto mwenye bibi Magu au Misungwi angeapa anajua kinachofanyika pale. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo mwenyewe kila likizo kwenye majaruba ya bibi: unainama, unachomeka mche wa mpunga kwenye tope, unasogea. Nilikuwa nimemwona mtu akipandikiza. Nikakimbia hadi kwa baba.

Baba alikuwa amekaa anashona wavu ambao hakujua kuushona. Nilipomaliza kusema aliuweka chini. "Rudia, Shija," akasema. Nikarudia. Akaweka mkono wake kichwani kwangu. Tangu atoke kiwandani, baba alikuwa mtu wa kujibu "mm" na kutazama pembeni. Siku ile alinitazama. Kesho yake akaniita mbele ya rafiki yake Fikiri, mwenye mtumbwi wa jirani. "Mweleze ami yako ulichokiona."

Nikaeleza. Fikiri akapiga paja. "Unaona? Kila Jumamosi tunang'oa mpaka mgongo unakataa. Jumatatu yamejaa tena. Nilisema mimi, haya si ya Mungu!"

Wiki ile nilieleza kwa kinyozi, kwenye bomba, na kwa vijana wa mitumbwi. Watu wazima waliacha mazungumzo yao wakanisikiliza. Kila nilipoeleza jambo liliongezeka kidogo. Mwanzo alikuwa ameinama tu; kufikia Jumatano alikuwa anasema maneno kwa lugha yake huku akipanda. Sikuona kwamba nadanganya. Niliona kwamba naeleza vizuri.

Alhamisi nilitoka shule mapema nikapita uani. Juu ya bati la banda la kuku kulikuwa na mashina ya magugu yameanikwa, yamekauka, yana rangi ya chai ya maziwa. Spesiosa alikuwa amekaa chini, vidole vyake vinakimbia. Alikuwa rika langu, mwembamba, na jino moja la mbele lilikuwa limevunjika pembeni.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Si unaona? Nasuka. Mama anatengeneza makawa na mikeka. Kwetu tunasuka kwa majani mengine, hapa hayapo." Akasogea. "Kaa nikuonyeshe. Unashika matatu. Siyo hivyo, utakuwa unafunga ng'ombe."

Nikakaa. Nikasuka vibaya, akacheka, nikasuka tena. Kisha nikauliza, kama mtu asiyejali, "Sasa mama yako kule majini huwa anafanya nini?"

"Anakata. Anachukua shina, mizizi anaisukuma huko chini. Ina konokono, inaleta kichocho. Hataki kuja nayo nyumbani."

Basi, nilijua. Nataka hili lieleweke na wenzangu mnaosoma, kwa sababu kwa miaka mingi nilijisimulia habari hii kana kwamba nilikuwa mtoto aliyekosea kuona. Jumatatu nilikuwa mtoto aliyekosea kuona. Alhamisi jioni nilikuwa najua. Pengine mizizi ile iliota tena, sijui. Lakini ilikuwa kiganja kimoja cha mizizi kwenye ghuba nzima iliyofunikwa.

Kikao kilikuwa Jumamosi, uani kwa Mzee Lutonja, baada ya kazi ya kung'oa magugu. Watu walikuja na mapanga na reki zao, miguu bado ina tope. Baba alikaa mbele. Mama alisimama karibu na Mama Spesiosa, na Spesiosa nyuma yao.

"Mama Shija," Mzee Lutonja akaanza, "mpangaji wako anasemwa."

"Kusemwa si kosa," mama akajibu. "Hata wewe mzee wangu unasemwa kwamba baiskeli ikiingia kwako haitoki na kengele yake."

Watu wakacheka, Mzee Lutonja naye akacheka. Fikiri hakucheka. "Tusilete mchezo. Haya majani tunang'oa, yanarudi. Yanajipanda yenyewe?"

"Yanasukumwa na upepo, shemeji."

"Upepo wa kwao!" mtu akasema kutoka nyuma, kicheko kikawa kikubwa zaidi.

Mama Spesiosa aliulizwa. Akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba anakata mashina ya kusukia. Wengine walitikisa kichwa kumwamini, wengine walinong'ona. Ndipo mwanamke mmoja akapaza sauti: "Na ule mzigo? Miezi yote hii haufungui. Aufungue tuone!"

Hakubisha. Alikwenda akauleta, akapiga magoti, akafungua fundo. Ndani mlikuwa na suruali ya kijivu, shati jeupe na koti, vimekunjwa kwa uangalifu kama vya dukani.

"Ni vya mume wangu," akasema. "Tulipotezana njiani. Nimemtumia neno kwa watu wa malori wanaopeleka unga kambini. Nimesema atanikuta Mwanza, Kirumba, kwa mama anayekaanga mapanki, nyumba ya tatu kutoka majini. Ndugu zangu, mkinitoa hapa, atanipata wapi?"

Yule aliyetaka mzigo ufunguliwe alijifuta uso kwa kanga. Hata Fikiri alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Mzee Lutonja akafunika daftari lake. Nilidhani yamekwisha. Lakini alikuwa mtu wa utaratibu, na akakumbuka kwamba kuna shahidi hajasikilizwa.

"Shija, njoo hapa mbele. Usiogope mtu. Ulimwona mama huyu akipanda, au hukumwona?"

Nilimtazama baba. Alikuwa amekaa ameinua kidevu, na usoni kwake kulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona muda mrefu: alikuwa anajivuna. Mtoto wake anaitwa mbele za watu.

"Nilimwona," nikasema. "Alikuwa anapanda. Kama mpunga. Na alikuwa anatazama huku na huku."

Hilo la kutazama huku na huku lilinitoka pale pale. Spesiosa alinitazama bila hasira, kwa mshangao tu, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize mzaha.

Watoto hawadanganyi, mtu akasema. Na wote wakashika hapo.

Hakupigwa. Kwetu Usukumani mtu hapigwi kwa jambo kama hilo. Anatengwa, na desturi hiyo ilikuwa imetufuata hadi mjini. Hapewi moto, hapewi maji, hapewi salamu, hadi aondoke mwenyewe. Anayempa naye ataingia humo humo.

Maji yalikuwa rahisi, mama aliwachotea. Salamu ndiyo iliyoumiza. Nadhani Spesiosa hakuelezwa, au alielezwa akakataa kuamini. Kila asubuhi alipita na ndoo yake tupu akiwaamkia watu wazima mmoja mmoja, kama tulivyofundishwa sote. "Shikamoo baba." Kimya. "Shikamoo mama." Kimya. Hujui shikamoo ni nzito kiasi gani hadi uione ikikaa hewani na hakuna anayeipokea. Mara mbili alisimama akarudia kwa sauti zaidi, akidhani hajasikika. Mama alikuwa akiisikia kutoka kwenye karai la mafuta, anapaza sauti mtaa mzima umsikie: "Marahaba, mwanangu! Marahaba!"

Mimi aliponipita nilijifanya nafunga vifungo vya shati.

Ndani ya siku chache meza ya mama nayo ikaachwa. Wateja walipita ng'ambo ya njia wakinunua kwa mwingine. Niliwasikia baba na mama chumbani.

"Unataka watoto wale nini?" baba akauliza.

"Mwulize mwanao," mama akajibu. "Ndiye anayejua kila kitu."

Kumbe Alhamisi ile alikuwa ametuona tukisuka.

Siku ya nane Mama Spesiosa alifagia chumba, akaegemeza fagio ukutani, akamshika mama mikono yote miwili. Alisema hawezi kukaa mpaka mama naye atengwe kwa ajili yake. Angerudi kambini, kama lori litakubali kuwabeba. Mama akamwomba asubiri hata wiki moja, huenda mume akafika. Akasema, "Mkimwona, mwambieni nilisubiri." Wakaondoka mchana kweupe, mzigo mweupe kichwani. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikuwaaga.

Magugu hayakuondoka. Jumamosi tukang'oa, Jumatatu yakajaa, wiki baada ya wiki, na hakuna mtu aliyesema kwamba tulikosea. Mzee Lutonja alianza kupita mbele ya meza ya mama akiwa ameangalia mbele. Baba aliuza mtumbwi mmoja. Alikuwa mtu mwema aliyekuwa amepoteza vingi kwa haraka, na mimi nilimpa kitu cha kushika. Simlaumu sana. Na nilichokishika mimi kilikuwa mkono wake kichwani kwangu. Kwa hicho nilimtoa mtu mahali pekee ambapo mumewe angemkuta.

Ulipita kama mwezi. Redioni walishaanza kusema kambi zinafungwa na watu wanarudishwa makwao kwa maelfu. Mchana mmoja nilikuwa namsaidia mama kugeuza mapanki, nikamwona mwanamume mrefu, amekonda, anatoka upande wa ziwa. Alikuwa ananyoosha kidole nyumba kwa nyumba, midomo inahesabu. Moja. Mbili. Akasimama mbele ya karai letu.

"Shikamoo mama. Ndiwe mama wa mapanki?"

Mama aliweka kijiko chini. Hakuhitaji kuuliza yeye ni nani. Akamvutia kigoda, akamletea maji, akamweleza kwamba mkewe alisubiri sana, kisha akarudi kambini. Yule bwana akasema anatoka huko huko kambini. Watu walikuwa wanaondolewa kwa makundi, barabara imejaa, hakuna orodha inayofuatwa. Akauliza kwa upole kwa nini hakuendelea kusubiri.

Mama akanigeukia. "Mweleze, Shija. Wewe ndiye uliyekuwa na la kusema."

Nikamweleza. Mtumbwi uliopinduliwa, mpunga wa bibi, kinyozi, bati la banda la kuku, kikao. Nilimweleza hata la kutazama huku na huku. Ilikuwa mara ya kwanza kueleza jambo lile bila kuongeza kitu. Nilingoja anipige, na nadhani mama naye asingemzuia. Hakunipiga. Alimaliza maji yaliyobaki kwenye kikombe. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Siku wanaondoka, mtoto wangu alikuwa na viatu?"

"Ndiyo," nikasema.

Akashusha pumzi, akamshukuru mama, akainuka kwenda kuwatafuta. Spesiosa hakuwa na viatu. Hakuwa navyo siku ile, wala siku nyingine yoyote niliyomjua.